Kujifunza kazini bila kusubiri semina: mwongozo kamili kwa mwenye watu wa kuongoza serikalini

Mwangaluka wadau.

Nianze na kitu tunachokijua wote ila hatukisemi kwenye vikao. Mtu anaitwa semina, siku tatu, hoteli ya hapa hapa mjini, anarudi na kibegi, kalamu na kabrasha nene, kabrasha linawekwa juu ya kabati la majalada na pale ndo linamalizia maisha yake. Ukimuuliza wiki inayofuata semina ilikuwaje anakwambia ilikuwa nzuri sana, chakula kilikuwa cha maana. Simlaumu, na mimi nimefanya hivyo si mara moja. Mtu ametumwa akajifunze, ofisi yenyewe imebaki pale pale ilipokuwa.

Mimi niko halmashauri moja ya huku Kanda ya Ziwa, kitengo cha watu 14. Haya naandika kwa mkuu wa kitengo, mtendaji wa kata, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa kituo, yaani mtu ambaye ana watu wa kuongoza lakini fungu la mafunzo halishiki yeye. Kama wewe ni mkurugenzi na fungu unalo soma pia, ila hatua nyingi hapa hazitaki hela, zinataka ukomavu, ambao nao saa zingine ni adimu kuliko hela.

Hatua ya 1: Jua kazi zipi zina mtu mmoja tu

Kabla hujaanzisha chochote chukua karatasi kubwa, ukikosa gundisha mbili za A4. Upande wa kushoto andika kazi zote za kitengo chako, sio zile za kwenye mpango mkakati, nazungumzia kazi zenyewe: kupokea barua na kuifungulia jalada, kuingiza maombi ya ununuzi kwenye NeST (mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni), kuandaa malipo kwenye MUSE (mfumo wa malipo ya serikali), kuandika muhtasari wa kikao, kujibu hoja za ukaguzi, kumsikiliza mwananchi aliyekuja amefura kwa hasira na kiwanja chake. Juu andika majina. Halafu kila mtu ajiwekee namba mwenyewe: 2 kama anaifanya peke yake, 1 kama anaifanya akiwa na mtu pembeni, 0 kama hajawahi. Usiwawekee wewe, utakosea na watanuna.

Ukimaliza angalia mistari yenye 2 moja tu. Hizo mi naziita kazi za mtu mmoja. Sisi tulikuwa na kazi 23 kwenye karatasi, 9 kati yake zilikuwa za mtu mmoja, na mbili kati ya hizo 9 mwenyewe alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilikaa nikaiangalia ile karatasi kama mtu anayesoma majibu ya vipimo.

Umuhimu wa hii kitu niliujua kwa njia mbaya. Ofisi niliyokuwepo kabla ya hii, mwaka mmoja tarehe 28 Juni, siku mbili kabla mwaka wa fedha haujafungwa, dada aliyekuwa anaandaa malipo akaumwa akalazwa. Hela ipo, nyaraka zipo, mzabuni amekaa kwenye benchi toka asubuhi, na hakuna mtu anayejua pa kuanzia, watu wazima na digrii zetu tumeizunguka kompyuta kama tunaangalia mechi ya Simba na Yanga. Mwishowe jamaa mmoja akasema si tumpigie tu atupe paswedi, na ukweli ni kwamba nusu ya chumba ilikubali.

Kwa hiyo niseme kwa herufi kubwa: KUFUNDISHANA KAZI SIO KUPEANA PASWEDI. Kila mtu anaombewa akaunti yake na ngazi yake kwenye mfumo, na anayeandaa malipo hawezi kuwa huyo huyo anayeyaidhinisha, hiyo imewekwa makusudi ili hela ya umma ipite mikononi mwa watu zaidi ya mmoja, usije ukaivunja kwa jina la kujengeana uwezo. Unachotafuta ni mtu wa pili anayejua kazi na ana akaunti halali, na ombi la hiyo akaunti linapelekwa mapema, Oktoba, sio Juni watu wakiwa wanakimbizana.

Usianze na kazi zote 9. Chagua tatu, zile ambazo zikisimama mwananchi ndo anaumia wa kwanza. Zingine zitasubiri.

Hatua ya 2: Bosi tangulia wewe

Hii ndo ngumu kuliko zote na ndo ofisi nyingi zinaishia hapa. Kwetu huku kijana hamkosoi mzee mbele za watu, na ofisini ni hivyo hivyo, shikamoo nyingi, "sawa mkuu" nyingi, halafu kosa linapita pale mezani kila mtu analiona na kila mtu anaangalia simu. Watu wanasema ni woga, mi naona nusu yake ni adabu, na adabu ni kitu kizuri, kwa hiyo usipigane nayo, itafutie njia ya kupita.

Mimi kikao cha kwanza nilileta dokezo langu mwenyewe, nililomwandikia mkurugenzi kuomba kibali cha kazi fulani, likarudi limeandikwa kwa mkono "rekebisha, lete". Nikalisoma lote, nikasema hapa nilikosea, na hapa, nani anaona lingine? Kimya. Kama dakika mbili hivi feni tu ndo inaongea. Halafu binti mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo, hata ajira hana, akasema, "Mkuu samahani, kiambatisho B umekitaja ila hakipo." Alikuwa sahihi. Nikamshukuru, nikaandika kwenye daftari, tukaendelea, sikufanya mbwembwe yoyote. Wiki iliyofuata ikanyooshwa mikono mitatu. Mficha uchi hazai, wahenga walishamaliza.

Tuliweka kanuni mbili. Kwanza, mdogo kwa cheo anaongea wa kwanza na mkuu anaongea wa mwisho, kwa sababu mkuu akishasema waliobaki wote "naunga mkono hoja" na kikao kimekwisha. Pili, tunaliongelea jalada, mwenye jalada tunamwacha. Ukiuliza "nani alifanya hivi" watu wanajifunga, ukiuliza "ilifikaje hapa" wanaanza kukumbuka. Na kama kosa lina harufu ya wizi hilo halina nafasi kwenye hiki kikao, lina utaratibu wake wa nidhamu, maana siku utakayochanganya haya mawili ndo siku ya mwisho mtu kuleta kosa lake mwenyewe.

Wenzetu wa hospitali hili wanalijua zamani. Ukiwa na rafiki daktari au nesi pale Bugando au Sekou Toure muulize habari ya ripoti ya asubuhi: wa zamu ya usiku anasimama anaeleza alichopokea, alichofanya, kilichomshinda, na wenzake wanamuuliza maswali mbele ya wakubwa wao, kisha watu wanaenda wodini. Hakuna kabrasha wala kibegi. Mbona sisi wa mezani tunaona haiwezekani?

Hatua ya 3: Nusu saa kila wiki, na bila posho

Chagua siku moja na usiibadilishe. Jumatatu mbaya, wakuu wana vikao vyao. Ijumaa mbaya zaidi, wengine wanaswali na wengine roho imeshafika Magu au Sengerema. Sisi ni Jumatano, saa 1:30 asubuhi kazi inapoanza mpaka saa 2 kamili, kabla wananchi hawajajaa kwenye benchi. Mmoja anabaki mapokezi kwa zamu, hatufungi mlango, ofisi ya umma haifungwi kwa sababu wenye ofisi wanajifunza.

Ndani ya hiyo nusu saa mnafanya kitu kimoja. Mtu anakuja na jalada moja au tukio moja la wiki iliyopita, anaeleza dakika 10: lilikuja nini, tulifanya nini, kanuni inasema nini, na kanuni aje nayo mkononi, sio "nilisikia waraka fulani". Dakika 15 ni maswali. Tano za mwisho mnaandika kwenye kaunta buku mistari mitatu tu: tumejifunza nini, tunabadili nini, nani anabadili na mpaka lini. Hakuna slaidi. Siku projekta itakapoingia kwenye hicho chumba watu watageuka wasikilizaji na utaanza upya kuwaamsha.

Sasa posho. Lazima mtu atauliza, na kwetu aliuliza mzee mmoja mwenye heshima zake, kwa sauti ya utani lakini hakuwa anatania: "Kwani hii chai tu?" Mi nilimjibu hivi: mzee wangu, hii ni saa ya kazi na mshahara wake umeshalipwa, ila kikao kikizidi saa mbili kamili nidai. Na kweli hakijawahi kuzidi. Hilo ndo fundisho lenyewe, watu hawachukii kujifunza, wanachukia kupotezewa muda bila faida, ukiheshimu dakika zao hata ile hoja ya posho inapoa yenyewe. Chai tunachanga, ya maziwa na mihogo ya mama wa nje ya geti. Kama mkuu unaweza kulipia ya kwanza lipia, ila usiifanye desturi, siku utakayohamishwa chai itahama na wewe.

Jambo la kufundishana kwa kutumia kazi yenyewe huku kwetu sio geni hata kidogo. Kati ya 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa ya Ziwa, mkulima alikuwa anajifunza herufi kwa maneno ya pamba na mvuvi kwa maneno ya uvuvi, yaani kitabu kinaongelea kazi aliyoiacha asubuhi. Wazo ni lile lile. Na walimu wa sasa hivi wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, wanakaa hapo hapo shuleni wanachambua somo lililowashinda, mmoja anafundisha wenzake wanaangalia. Mwalimu mkuu unayesoma hapa, wewe unayo tayari, kinachobaki ni kuhakikisha haigeuki kusainiana mahudhurio.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja, na anauandika anayejifunza

Hapa nilikosea kwanza kabla sijapatia. Tulikuwa na mzee wa masijala, yaani chumba cha majalada, miaka zaidi ya 30 kazini, huyu ukimtajia kiwanja anakutajia namba ya jalada, rafu, na ugomvi uliokuwepo. Nikamwambia mzee naomba utuandikie utaratibu wako kabla hujastaafu. Akaandika. Kurasa mbili, mwandiko mzuri, na hazikutusaidia kabisa. Alikuwa ameandika "tafuta jalada husika, weka folio, peleka kwa afisa." Sasa hilo jalada husika linatafutwaje? Kwake lilikuwa jambo dogo kama kupumua, nani anaandika namna ya kupumua?

Tukageuza. Kijana akakaa naye wiki mbili, kijana ndo anaandika, na mzee kazi yake ni kufanya na kujibu maswali. Kila kijana alipokwama aliandika alikokwama. Ikatoka karatasi moja, mbele na nyuma, ina vitu kama "barua ikitaja mtaa tu bila namba ya kiwanja anza na rejista ya kijani", "ukikuta majalada mawili ya jina moja usiunganishe mpaka uone hati". Kisha tukampa mtu wa tatu, ambaye hajawahi kuingia masijala, atafute majalada matano kwa ile karatasi peke yake. Akapata matatu. Karatasi ikarekebishwa, akapata yote matano. Hapo ndo nikarudi kwenye ile karatasi kubwa nikafuta namba nikaandika mpya.

Fanya hivyo kwa kila kazi ya mtu mmoja: anayejua anafanya, anayejifunza anaandika, wa tatu anajaribu. Karatasi ibandikwe ukutani pale pale kazi inapofanyikia, sio kwenye flashi ya mtu, na sio kwenye grupu la WhatsApp ambako kesho itafunikwa na picha za harusi. Juu weka tarehe, mifumo inabadilika, waliozoea TANePS, ule mfumo wa ununuzi wa zamani, wanajua yaliyotukuta NeST ilipoingia 2023.

Hatua ya 5: Mtu akienda kozi

Kozi za nje zina faida yake, sizipingi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Tabora, sio mbali na huku, chuo cha Hombolo kipo kwa ajili ya serikali za mitaa, Chuo cha Mipango wana kampasi hapa hapa Mwanza, na Taasisi ya Uongozi iliyoanzishwa 2010 inashughulika na viongozi wa ngazi za juu. Ila weka masharti madogo mawili. Kabla hajaondoka ofisi inampa maswali matatu ya kwenda kuuliza, yaliyotoka kwenye kaunta buku. Na Jumatano ya kwanza au ya pili baada ya kurudi nusu saa ni yake, anajibu yale maswali, kabrasha analiacha mezani watu walisome.

Hela ya kozi inaombwa kwenye bajeti, mwaka wa fedha unaanza Julai lakini maombi yanaandaliwa miezi mingi kabla. Ukienda Machi kumwambia afisa utumishi una mtu wa kusoma atakuangalia kwa huruma tu. Peleka ile karatasi kubwa, mwonyeshe mistari yenye mtu mmoja, hiyo ina nguvu kuliko "tunaomba kujengewa uwezo". Orodha ya nani ameenda wapi na lini ibandikwe ukutani. Usiniulize kwa nini, unajua kwa nini.

Hatua ya 6: Uongozi unafundishwa kwa kupewa mzigo

Nenda mwalo wa Kayenze au Igombe usiku wavuvi wa dagaa wanapoingia ziwani. Hakuna nahodha hata mmoja aliyepewa mtumbwi kwa sababu ya cheti. Ameanza kutoa maji kwenye mtumbwi, akapewa kuangalia taa, akapewa kamba, siku moja ziwa limetulia nahodha akamwambia leo utatupeleka wewe, mi nipo hapa nyuma. Siku ziwa limetulia. Sisi serikalini tunafanya kinyume, mtu hajawahi kuongoza hata kikao cha watu watano, siku bosi anahamishwa ghafla ndo anaambiwa wewe shika, na ziwa lenyewe limechafuka, halafu tunasema kijana hana uwezo.

Ngazi ninazotumia mimi ziko nne. Ya kwanza, kuongoza ile nusu saa ya Jumatano. Ya pili, kuandika dokezo lenye mapendekezo yake yeye, maana tumezoea kuwaandikisha vijana historia ya jambo halafu aya ya mwisho anaandika bosi. Mwambie: aya ya mwisho ni yako, nisipokubali nitaandika chini yake kwa nini sikubali, na dokezo lako linabaki kwenye jalada lilivyo. Hapa mtu anakua kwa haraka ya ajabu. Ya tatu, kumpa kazi moja nzima yenye mwanzo na mwisho, mfano zoezi la kuhakiki wafanyabiashara wa soko moja, na watu wawili chini yake.

Ya nne ni kubaki na ofisi ukiwa safari. Siongelei kukaimu nafasi iliyo wazi, huko kuna utaratibu na vibali vyake, naongelea zile siku tano umeenda Dodoma. Muandikie barua, waambie wote kwa maandishi nani amebaki, muachie ukurasa mmoja wa makabidhiano: haya yanaisha wiki hii, haya usiguse, hili likitokea piga. Halafu, ndugu yangu, USIPIGE SIMU KILA BAADA YA DAKIKA KUMI. Na ukirudi ukakuta ameamua kitu ambacho wewe ungeamua tofauti, ila hakijavunja sheria, kiache. Ukikitengua mbele za watu umemuua, hatakuja kuamua tena maisha yake yote ya utumishi. Mkae wawili, umuulize uliona nini mpaka ukaamua hivi, usikie kwanza.

Angalia pia unampa nani. Mimi nilipohesabu niligundua wanawake wa kitengo changu wameandika mihtasari ya vikao kwa miaka na hakuna aliyewahi kukaa kiti cha mwenyekiti, na chai nao ndo walikuwa wanapanga. Anayeandika muhtasari vizuri anajua ofisi kuliko mwenyekiti, ana kumbukumbu ya maamuzi yote, kwa nini hashiki ofisi? Tukaweka zamu kwa herufi za majina, kuandika na kuongoza, na chai pia, hata sisi wanaume tukajua bei ya sukari.

Kuna kundi lingine linasahaulika, watendaji wa vijiji na kata walio visiwani. Mtu yuko Ukerewe ndani ndani huko, au kisiwa kidogo ambacho boti haiji kila siku, ana miaka 26, ana mhuri na kesi ya mipaka ya mashamba iliyoanza kabla hajazaliwa. Wa Sengerema angalau sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi, kile kisingizio cha kivuko kimekufa, ila wa kisiwani bado yuko mbali na kila mtu. Huyo mpe mlezi, mtendaji mzoefu wa kata nyingine, wanaongea kwa simu kila wiki siku ileile, na mlezi asiwe ndiye anayempima utendaji, kwa sababu hakuna mtu anayemwambia mpimaji wake kwamba amekwama. Na awaulize pia wazee, kwa Wasukuma zamani vijana wa kijiji walikuwa na nsumba ntale wao, yaani kiongozi wao, wanamchagua wenyewe kusimamia kazi za pamoja, na wazee wanakumbuka ni sifa gani zilikuwa zinaangaliwa. Mtendaji kijana akikaa saa moja na mzee wa namna hiyo anatoka na vitu ambavyo chuoni havipo.

Hatua ya 7: Iingize kwenye PEPMIS

Fupi tu. Enzi za OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa mtumishi, tulijaza fomu Juni kwa mbio, malengo na matokeo siku moja, kila mtu amefaulu. PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioichukua nafasi yake, inataka kazi ziingizwe na utekelezaji uripotiwe mwaka ukiwa unaendelea, basi itumie. Mwenye 2 awe na jukumu "kumfundisha fulani kuandaa malipo mpaka ayaandae peke yake ifikapo Desemba", na anayejifunza awe nalo upande wake. Likishakuwa kwenye mfumo hakuna atakayesema nilikosa muda. Idadi ya semina usiipime. Hesabu kazi za mtu mmoja zimebaki ngapi, madokezo mangapi yamerudishwa, hoja zipi za ukaguzi zimejirudia mwaka wa pili. Sisi baada ya mwaka 9 zikawa 4. Mbili kati ya hizo 4 bado zinaninyima usingizi, moja ni ya ramani na anayeijua hataki kabisa kukaa na mtu, ana hofu kwamba akifundisha hatahitajika, na sijapata dawa yake. Nimempa jina la mlezi, nimeweka kwenye PEPMIS, bado anazunguka. Mwenye njia aniambie.

Hatua ya 8: Ondoka uone

Kuanzia mwezi wa pili usiongoze ile nusu saa wewe, zamu izunguke, kalenda ya miezi mitatu ibandikwe na majina. Kaunta buku likae wazi, sio kwenye droo yako. Uhamisho unakuja bila kubisha hodi, na mabosi wengi wazuri wakihama kila kitu kinarudi zamani ndani ya mwezi mmoja kwa sababu kilikuwa kinawategemea wao.

Kipimo ni likizo. Siku zako 28, zichukue zote, nenda kijijini, usipige simu Jumatano. Mimi nilienda nikiwa na wasiwasi kama mzazi aliyempeleka mtoto bweni. Nikarudi, nikaenda moja kwa moja kwenye kaunta buku. Jumatano nne, zimefanyika tatu, moja walikuwa na ugeni wa mkoa. Ya tatu walikuwa wamechambua dokezo langu, lile nililoliacha siku ya mwisho nikikimbilia basi, nilinukuu kanuni ambayo ilishabadilishwa. Yule mzee wa "kwani hii chai tu" ndo alikuwa mwenyekiti siku hiyo. Chini wameandika: limerekebishwa, limepelekwa, mkuu aarifiwe akirudi. Akaja mwenyewe mlangoni, akagonga, akasema, "Mkuu pole na safari. Tulikaa na dokezo lako." Kisha akaniambia zamu yangu ya chai ilipita nikiwa likizo kwa hiyo nadaiwa.